Roshani Iliyodaiwa Kodi: kisa cha jengo hatarishi katikati ya Tanga

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Tanga mjini kati ya 2021 na 2024. Mimi niliyakuta katikati, kama msaidizi wa kisheria aliyeitwa na familia kuwasomea barua walizokuwa wamezirundika kwenye mfuko wa nailoni. Nimeondoa majina, mtaa, namba ya kiwanja na aina ya duka lililokuwa chini. Ukidhani unalijua jengo lenyewe, huenda unalijua lingine linalofanana nalo. Hayako machache.

Nawaandikia watendaji wa mitaa, wasaidizi wa kisheria wenzangu, na wajukuu wanaorithi nyumba za zamani wakadhani wamerithi matofali tu. Kilichonisumbua tangu mwanzo ni hiki: jengo likiwa na deni la kodi na wakati huohuo linatishia kuua watu, je, lile deni linasaidia kuliondoa hatarini au linazuia?

Jengo na wenyewe

Lilikuwa jengo la ghorofa moja, upande wa reli unaoelekea baharini, si upande wa Ngamiani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, duka chini, makazi juu. Kwa mbele palikuwa na roshani ya zege iliyoongezwa baadaye, imening'inia juu ya njia ya waenda kwa miguu. Nyuma kulikuwa na jiko lililoezekwa bati za asbesto.

Anayeishi pwani anajua kinachofuata. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inaingia kwenye zege, nondo zinashika kutu. Nondo yenye kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani, kwa hiyo ukiuona ufa kwa nje ujue shughuli ilianza miaka mingi nyuma. Kuta nazo zilikuwa zimeonewa kwa nia njema: fundi mmoja alizipiga lipu ya saruji juu ya chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani na mawe yanaanza kulegea taratibu. Kwa macho, nyumba ilionekana imekarabatiwa.

Mwenye nyumba alifariki miaka ya tisini. Aliacha watoto saba kwa wake wawili. Wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki na kuacha wajukuu, mmoja yuko Mombasa, mmoja Muscat. Mirathi haikufunguliwa kamwe. Kodi ya duka ilipokelewa na mpwa mmoja, kijana msikivu, ila asiyependa kuulizwa hesabu. Juu, katika chumba cha pembeni, aliishi binti wa marehemu aliyekwisha kupita miaka sabini. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo.

Pesa tatu, ofisi tatu

Hapa sina budi kutulia kidogo, maana bila sehemu hii matukio hayaeleweki.

Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri za miji, chini ya sheria ya ukadiriaji ya 1983. Mwaka 2016 ukusanyaji ukapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, kisha kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni ya kiwanja, msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya 1999, na inalipwa Wizara ya Ardhi kwa namba ya malipo. Halafu liko suala la usalama wa jengo, ambalo ni la halmashauri: mhandisi wake, afisa afya wake, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inayoiruhusu kutoa notisi ya kuondoa kero. Mwenye mali akikaidi, mamlaka inaweza kuifanya kazi yenyewe kisha ikamdai gharama.

Tazama basi: ofisi yenye jukumu la kubomoa siyo inayolidai jengo. Zile zinazolidai hazina fundi wa kwenda kulitazama.

Zamani karani wa kodi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Alichukiwa, alifichwa, aliambiwa mwenye nyumba amesafiri. Lakini alikuwa na macho. Akifika kugonga mlango, ufa anauona. Makato ya LUKU yamerahisisha mambo mengi na sitaki tuyarudishe nyuma, ila mita ya umeme haina macho.

Mfuatano wa matukio

Makato yalipoanza, jengo lote lilikuwa na mita moja, nayo iko dukani. Ilikuwa imeandikishwa kama nyumba ya kawaida. Mpangaji akawa anakatwa 1,000 kila mwezi na kuitoa kwenye pango la duka, mpwa ananuna, lakini familia ikapata neno la kujibu kila anayeuliza: "Kodi tunalipa." Hawakusema uongo. Walikuwa wanalipa kodi ya nyumba isiyo na ghorofa, wakati ghorofa lipo na limeanza kuanguka.

Masika ya 2022 kipande cha zege ukubwa wa sahani kiliangukia benchi la mama muuza chai aliyekuwa akiweka meza chini ya roshani. Jirani akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtendaji akaandika barua kwa mmiliki, kwa jina lililokuwa kwenye kumbukumbu, yaani jina la marehemu. Barua ikaachwa dukani. Mpangaji, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, akaiweka chini ya mizani, na huko ndiko nilikoikuta mwaka mmoja baadaye ikiwa na duara la mafuta.

Juni 2023 mhandisi na afisa afya walifika. Ripoti yao ilikuwa fupi na, kwa maoni yangu, nzuri: roshani iondolewe mara moja, ukuta wa mashariki umetoka kwenye wima, vyumba vya juu visikaliwe, umeme ukatwe. Wakapiga alama ya X nyekundu ukutani na kutoa notisi ya siku 30.

Wiki hizohizo ikaingia ilani ya pango la ardhi: deni la miaka 11 pamoja na riba. Ofisi mbili tofauti, hazikuwasiliana, kila moja ilikuwa inafanya kazi yake. Lakini familia ilizisoma barua mbili kama barua moja. X nyekundu na deni kwa mpigo? Basi kuna tajiri anakitaka kiwanja. Usiku mmoja X ikapakwa chokaa. Nani aliyepaka sikuambiwa, ila mpwa alikuwa na chokaa kwenye kucha.

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilipanda ngazi, ambazo sasa najua sikupaswa kuzipanda, nikampa Bi Mkubwa shikamoo yake. Aliniitikia, akanikaribisha kahawa, akaniambia bila kuzunguka:

"Mwanangu, hao wanasema nitoke. Nikitoka, nirudi kwa nani? Mwanamke akishatoka kwenye nyumba ya babake, fungu lake hutoka naye."

Sikulielewa neno hilo siku ile. Nililichukulia kama ukaidi wa uzee.

Ushauri wangu kwa familia ulikuwa waanze na deni la ardhi, walau sehemu, ili waonyeshe nia njema na hofu ya kunyang'anywa ipungue. Walichanga kwa wiki sita. Mombasa ikatuma, Muscat ikatuma, mpwa akatoa kwa shingo upande. Fedha ikaenda kwenye namba ya malipo, risiti ikatoka, watu wakafurahi. Ila senti ya kuegemeza roshani kwa magogo haikubaki.

Oktoba umeme ulikatwa kama ripoti ilivyoagiza, mita ikaondolewa, mpangaji akahama. Makato ya kodi yakakoma siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuna tena mita ya kukatwa. Kwa upande wa kumbukumbu, jengo likawa kimya kabisa. Kwa upande wa dunia hii, Bi Mkubwa alikuwa bado yumo, na taa yake ya sola.

Vuli ya 2023 ilikuwa ile ya El Niño, mnaikumbuka. Usiku mmoja wa Novemba, baada ya Isha, roshani ilishuka yote. Mama wa chai alikuwa ameshafunga tangu magharibi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua pale chini alivunjika mguu. Kipande kimoja cha ukuta kiliporomokea jikoni nyuma na kuvunja bati za asbesto. Kesho yake niliwakuta watoto wawili wakichorea sakafu ya baraza ya jirani kwa vipande vyake, kama chaki.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Kikao kilifanyika ofisi ya mtendaji wa kata, watu kumi na kitu kwenye chumba cha watu sita.

La kwanza kuwekwa mezani lilikuwa mnada. Deni la pango lililobaki lingeweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mali ikauzwa kufidia. Mjumbe mmoja alilisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Mhandisi akamuuliza: nani atanunua? Mnunuzi angepata kiwanja kizuri, sawa, lakini siku hiyohiyo angekabidhiwa amri ya kubomoa, mzee ndani, warithi wasiokubaliana na asbesto iliyovunjika. Bei ingeshuka mpaka isilipe hata deni lenyewe, na katika miezi ya kusubiri mnada ukuta wa mashariki usingesubiri.

Kufuta haki ya kumiliki ardhi kulitajwa pia. Ni njia ndefu, inafika mpaka kwa Rais. Na hata ikifanikiwa, serikali inajipatia nini? Inajipatia ukuta uliotoka kwenye wima. Jambo hili si la Tanga peke yake. Huko Marekani kaunti huweza kuchukua mali za wadaiwa wa kodi, lakini zikiwa na sumu ardhini kaunti nyingi husita hata kuzigusa, kwa kuogopa kubebeshwa usafishaji. Sheria yao ya 1980 ya kusafisha maeneo yenye sumu, CERCLA, ikabidi iwekewe kinga kwa mamlaka inayojikuta na mali kwa sababu ya deni la kodi. Mdai akiiogopa mali anayoidai, basi deni halina meno.

Uamuzi uliobaki ulikuwa halmashauri ibomoe sehemu za hatari tu, yaani mabaki ya roshani, ukuta wa mashariki na sakafu ya juu, na gharama iandikwe kama deni la warithi. Lakini deni la nani, ikiwa hakuna msimamizi wa mirathi? Mwanasheria wa halmashauri alishikilia hapo na alikuwa na haki. Bila jina la mtu aliye hai, gharama ile ingelipwa na walipa kodi wote na kusahaulika.

Ndipo ile ilani ya ardhi iliyotuumiza ikatusaidia. Kumbukumbu za malipo zilionyesha kwamba mara ya mwisho pango lililipwa kabla ya lile deni la miaka 11, na aliyelipa hakuwa mpwa. Alikuwa yule binti wa Muscat, ambaye wakati ule aliishi Tanga na ndiye aliyetunza cheti cha kifo cha baba yao na nakala ya hati. Mpwa alikuwa akisema siku zote kwamba karatasi zilipotea. Hazikupotea. Zilikuwa Muscat, kwenye sanduku, na mwenyewe hakuwahi kuulizwa na mtu. Akazituma. Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua msimamizi: mjukuu mmoja mwalimu, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na kinyongo naye.

Akabaki Bi Mkubwa. Afisa ustawi alikuja na maneno mazuri, yakagonga mwamba. Mgambo walipendekezwa, mwenyekiti wa mtaa akakataa katakata. Jioni moja nikarudia akilini lile neno la fungu kutoka na mtu, na nikaona aibu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa analinda urithi wake kwa njia pekee aliyoijua, ya kukalia. Tukaandika karatasi ya nusu ukurasa: kuhama kwake ni kwa ajili ya usalama, hakupunguzi wala hakuondoi fungu lake la mirathi. Warithi wote wakatia sahihi au dole gumba, waliokuwa mbali wakatuma kwa simu, imamu na mwenyekiti wakashuhudia. Akaisomewa mara tatu. Akauliza kama imamu kaweka sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake alfajiri alikuwa ameshafunga mizigo.

Kubomoa kuliahirishwa kwa ajili ya asbesto. Watu walilalamika, maana kijiko, ile mashine ya kubomolea, kilikuwa kimeshapatikana. Bati zile zikiwa nzima na zimetulia hazina shari kubwa. Shari iko kwenye vumbi la nyuzi zake linapovutwa, na meno ya kijiko yangelitawanya mtaa mzima. Ni taka hatarishi, kuzibeba kulihitaji kibali chini ya kanuni zilizosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Zikalowanishwa maji, zikashushwa moja moja bila kukatwa, vipande vikaokotwa kwa mkono wenye glavu, zote zikafungwa kwa nailoni nene tabaka mbili na kuondolewa na mwenye kibali. Vile vipande vya watoto niliviokota mwenyewe baada ya mhandisi kunionyesha namna.

Matokeo

Kabla ya masika ya 2024 sakafu ya juu na ukuta wa mashariki vilikuwa vimeshuka salama. Duka la chini lilibaki, likaezekwa bati za kawaida. Deni la ardhi linalipwa kwa awamu. Gharama ya kubomoa, hadi mwisho wa 2024, ilikuwa imelipwa theluthi moja. Kijana wa bodaboda alilipiwa hospitali na familia kwa makubaliano. Sikuridhika nayo, kwa sababu miezi aliyokaa bila kazi haikuhesabiwa, na yeye hakuwa na mtu wa kumsomea barua.

Bi Mkubwa yuko Ngamiani kwa mpwawe mwingine. Kila Ijumaa huja kufagia baraza.

Uchambuzi

Kosa langu nalitanguliza. Nilishughulikia deni kwa sababu deni lina tarehe na tarakimu, na barua yake ilikuwa na lugha ya kutisha. Roshani haikuwa na tarehe. Fedha ileile, wiki zilezile, ingetosha magogo ya kuegemeza na kamba ya kuzuia watu kupita chini. Deni la pango huongezeka riba, na riba unaweza kuiombea nafuu. Siku hizi familia ikiniletea mfuko wa barua, nauliza kwanza: kuna kitu kinachoweza kumwangukia mtu?

Ripoti ya Juni ilikuwa sahihi kila mstari, na bado ilifungua mwanya. Kukata umeme ni jambo la lazima kwenye jengo la aina hiyo. Lakini katika utaratibu wa sasa kukata umeme ni kufuta alama ya mwisho kwamba jengo lipo na lina watu. Hatua ile ilihitaji mwenzake: mtu wa kupanda siku ya pili na kuhakikisha hamna aliyebaki ndani. Hakuna aliyeagizwa. Umeme ulikatwa na wengine, notisi ilitolewa na wengine, na kila mmoja alidhani mwenzake kashapanda ngazi. Tanga tunasema "waja leo waondoka leo", na kwa maofisa waliofika kwenye jengo lile ilikuwa kweli tupu.

Barua kwa marehemu ni jambo la kuchekesha mpaka uhesabu iligharimu nini: karibu miezi kumi na mitano, kutoka barua ile hadi X. Mtendaji hakuwa mzembe, alifuata jina lililopo. Ila mtaani kila mtu alijua mzee yule alifariki, na kila mtu alijua nani anapokea pango la duka. Barua ingeandikwa kwa "anayepokea kodi ya jengo hili" ingemfikia mpwa mkononi.

Kuhusu X, nimebadilika. Nilikuwa nikiiona kama udhalilishaji. Sasa naona tatizo lake ni ububu. Haisemi nini kibomolewe, lini, wala kwa nini, na kwa watu wetu maana yake ni moja tu: mnafukuzwa. Karatasi ya A4 iliyosema "roshani hii inaweza kuanguka, usisimame chini yake" ingemgusa yule kijana wa bodaboda kuliko X yoyote, hata isiyopakwa chokaa.

Kilichofanya kazi, kwa mshangao wangu, ni kumbukumbu za kodi zilipotumika kutafuta watu badala ya kuwatisha. Tulihangaika miezi kuuliza nani mwenye nyumba. Swali lenye jibu lilikuwa nani aliwahi kulipa. Anayelipia nyumba ya baba yake bila kuambiwa ndiye mwenye karatasi.

Na ile nusu ukurasa ya Bi Mkubwa. Haikugharimu kitu, na iliwashinda afisa, mgambo na mimi.

Mapema 2025 msimamizi wa mirathi alinipigia simu. Mpangaji anataka kurudi dukani, kwa hiyo wanaomba mita mpya, na wameulizwa aina ya jengo: la kawaida au la ghorofa. Mpwa alikuwa pembeni yake, namsikia anacheka. "Mwambie safari hii tuandike la kawaida, ndiyo kweli."